Kosa Lisiwe la Mtumiaji: Historia ya Kupima Urahisi wa Matumizi ya Bidhaa

Urahisi wa matumizi ya bidhaa hupimwa kwa kumtazama mtu akiitumia. Mtu wa aina ile ile iliyokusudiwa hupewa kazi halisi ya kufanya, kisha huachwa aifanye bila kusaidiwa. Mtazamaji huandika kama kazi imekamilika, imechukua muda gani, makosa yamekuwa mangapi na mtu amekwama wapi. Mwishoni humuuliza ameionaje bidhaa hiyo. Kwa njia hii hupimwa simu, tovuti, mashine za hospitali na hata karatasi za kura.

Taaluma hii ina umri wa zaidi ya miaka mia moja, na imesimama juu ya wazo moja lililochelewa kukubalika: watu wengi wakikosea pale pale, kwa namna ile ile, kasoro imo ndani ya kifaa. Kabla ya hapo aliyeshindwa kutumia mashine aliitwa mzembe au mjinga, akapelekwa mafunzoni au akafukuzwa kazi. Historia ya upimaji ni historia ya lawama hiyo kuhama, hatua kwa hatua, kutoka kwa mtumiaji kwenda kwa msanifu.

Matofali na keki

Mwanzoni mwa karne ya 20 viwanda vya Marekani vilianza kuipima kazi kwa saa. Frederick Taylor ndiye aliyevuma zaidi, lakini shabaha yake ilikuwa kuongeza kasi ya mfanyakazi. Frank Gilbreth, aliyeanza maisha kama fundi mwashi, alikitazama pia kifaa. Aliona kwamba fundi huinama chini kuokota kila tofali na kuinuka nalo, siku nzima. Akabuni jukwaa linalopandishwa kadiri ukuta unavyopanda, matofali yakikaa usawa wa kiuno. Miondoko ya kuweka tofali moja ikapungua kutoka 18 hadi 5.

Mkewe, Lillian Gilbreth, alikuwa mwanasaikolojia mwenye shahada ya uzamivu ya mwaka 1915. Baada ya mumewe kufariki mwaka 1924, aliupeleka uchunguzi huo jikoni, mahali ambapo wahandisi wengi hawakupahesabu kuwa mahali pa kazi. Mwaka 1930 keki moja ya stroberi iliokwa katika majiko mawili: moja la mpangilio wa kawaida, jingine lililopangwa kwa kufuata mwendo wa mpishi. Katika jiko la kwanza mpishi alitembea hatua 281, katika la pili hatua 45. Keki ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni mahali pa meza, jiko na kabati. Jaribio hilo tayari lilikuwa na sifa kuu za upimaji wa leo: kazi moja, miundo miwili, na hesabu inayoonyesha upi unafaa zaidi.

Chumba cha rubani

Vita Kuu ya Pili ililifanya suala hili kuwa la uhai na kifo. Ndege za kivita za Marekani aina ya B-17 zilikuwa zikiharibika baada ya kutua salama. Rubani aliyekwisha kugusa ardhi alikusudia kurudisha mabapa ya mbawa, badala yake akakunja magurudumu, na ndege ikalalia tumbo. Taarifa ziliandika kwamba rubani alikosea.

Mwaka 1943 mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, alitumwa kulichunguza jambo hilo. Hakuanza na marubani. Aliingia katika chumba chao. Alikuta swichi ya magurudumu na swichi ya mabapa zimewekwa bega kwa bega, zikifanana kabisa. Ndege aina ya C-47, ambayo swichi zake hazikupangwa hivyo, haikuwa na balaa hilo. Tiba yake ilikuwa nyepesi: kwenye mkono wa swichi ya magurudumu alibandika kigurudumu kidogo cha mpira, na kwenye mkono wa mabapa kipande chenye umbo la kabari. Rubani aliyechoka, gizani, aliweza kutambua kwa vidole ameshika nini. Hadi leo kanuni za usafiri wa anga za Marekani zinadai mkono wa magurudumu wa ndege kubwa za abiria uwe na umbo la gurudumu.

Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones, wakiwa katika kituo cha jeshi la anga cha Wright Field, Ohio, walitoa ripoti iliyochambua visa 460 vya makosa ya marubani. Karibu nusu vilikuwa vya kushika kidhibiti kimoja kwa kudhani ni kingine. Sababu mojawapo ilikuwa dhahiri: mikono ya nguvu ya injini, ya propela na ya mchanganyiko wa mafuta haikupangwa kwa utaratibu mmoja katika B-25, C-47 na C-82. Rubani aliyehama kutoka ndege moja hadi nyingine aliufuata mkono wake ulivyozoea, na mazoea yakamponza. Ripoti hiyo iliyapa makosa hesabu na makundi. Kosa lililowekwa kwenye kundi hutafutiwa chanzo, na chanzo kikijulikana huweza kuondolewa.

Namba kwenye simu

Baada ya vita uchunguzi huu ulihamia kwenye bidhaa za raia. Maabara za Bell, zilizokuwa zikitafiti kwa ajili ya kampuni kubwa ya simu ya Marekani, zilimwajiri mwaka 1945 John Karlin, mzaliwa wa Johannesburg, Afrika Kusini. Alikuwa mwanasaikolojia miongoni mwa wahandisi, na kitengo alichokiongoza kilikuwa miongoni mwa vya kwanza katika viwanda vya Marekani kuchunguza tabia za wateja kwa majaribio.

Kampuni ilipobuni simu mpya ya kuzungusha, namba zilihamishwa kutoka ndani ya matundu ya kisahani na kuandikwa pembeni, ili zionekane hata kidole kikiwa tunduni. Kwa macho ya mhandisi hayo yalikuwa maboresho. Vipimo vilionyesha kinyume: watu walipiga polepole zaidi, kwa kuwa kidole kilikosa alama ya kulenga. Suluhisho lilikuwa nukta nyeupe katikati ya kila tundu, na kasi ikarudi. Wakati mwingine kampuni ilitaka kujua waya wa simu uwe na urefu gani. Karlin hakupita na orodha ya maswali. Simu za wenzake ofisini zilikatwa waya kwa siri, takriban inchi moja kila baada ya siku chache, na hakuna aliyegundua mpaka futi nzima ilipokuwa imeondoka.

Kazi iliyoacha alama kubwa zaidi ni simu ya vitufe. Swali lilikuwa namba kumi zipangwe vipi. Zilikuwepo mashine za kujumlisha zenye 7, 8 na 9 juu, na watu wengi walitazamia mpangilio huo ungefuatwa. Lakini mwaka 1955 Mary Lutz na Chapanis waliwauliza watu wangetarajia namba zikae wapi, na wengi walizisoma kama maandishi: kutoka kushoto kwenda kulia, kutoka juu kwenda chini. Kisha Richard Deininger wa Bell alijaribu mipangilio zaidi ya kumi, ikiwemo ya duara na ya safu mbili za vitufe vitano. Alipima muda wa kupiga, makosa na mpangilio ambao watu waliupenda. Alipima pia ukubwa wa kitufe, nguvu ya kukibonyeza na umbali kinaozama. Matokeo yalichapishwa mwaka 1960. Mipangilio kadhaa ilikaribiana kwa kasi, na uliochaguliwa ni wa safu tatu za namba tatu tatu, sifuri ikikaa chini peke yake.

Simu hizo ziliingia sokoni Novemba 1963, Pennsylvania, na mwaka 1968 zikaongezwa alama za nyota na reli. Mpangilio huo baadaye ukawa kiwango cha kimataifa. Mtu wa Mbeya au Mwanza anayebonyeza *150*00# ili atume pesa anatumia ubao wa vitufe uliopangwa kwa vipimo vya maabara zile.

Kipanya, ofisi na mashine ya kunakili

Kompyuta za mwanzo ziliendeshwa na wataalamu, na urahisi haukuwa hoja kubwa. Mambo yalibadilika zilipoanza kuwekewa skrini. Katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford, California, William English, Douglas Engelbart na Melvyn Berman walichapisha mwaka 1967 matokeo ya mashindano ya vifaa vya kuonyeshea mahali kwenye skrini. Walilinganisha kipanya walichokibuni wenyewe, kalamu ya mwanga, kijiti na kifaa kilichosukumwa kwa goti chini ya meza. Waliozoea walifanya vizuri zaidi kwa kipanya. Kwa wageni, kalamu na hata kifaa cha goti vilikuwa vyepesi zaidi mwanzoni. Jaribio hilo liliacha fundisho linaloheshimiwa bado: kujifunza kifaa upesi na kukitumia upesi ni mambo mawili, na lazima yapimwe mbalimbali.

Kampuni ya Xerox ilipotengeneza kompyuta ya ofisi iitwayo Star, iliyotoka mwaka 1981, iliunda kikosi maalumu cha majaribio. Kikosi hicho kilipima hata kipanya kiwe na vitufe vingapi na picha zipi zinatambulika upesi kuwa faili au folda. Kipanya cha Star kikaishia kuwa na vitufe viwili. Bidhaa yenyewe haikuuzika sana, kwa kuwa ilikuwa ghali mno. Urahisi wa matumizi hauwezi kufidia bei inayomshinda mnunuzi. Hata hivyo, mtindo wake wa madirisha na picha ndogo uko kwenye karibu kila kompyuta ya leo.

Somo kali zaidi la Xerox lilitoka kwa mashine ya fotokopi. Wateja walilalamika kwamba mashine mpya ni ngumu, ingawa ilisifiwa kwa urahisi wa kitufe chake kikubwa cha kijani. Mwanaanthropolojia Lucy Suchman, aliyekuwa katika kituo cha utafiti cha kampuni hiyo Palo Alto, aliwapiga filamu watu wawili wakijaribu kunakili makala yenye jalada, pande mbili za kila karatasi. Filamu hiyo ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 inawaonyesha wakisoma maelekezo, wakibonyeza, wakingoja, wakishangaa karatasi zinazotoka, wakianza upya. Mmoja alikuwa Allen Newell, miongoni mwa waasisi wa taaluma ya akili bandia. Mwenzake, Ron Kaplan, alikuwa bingwa wa isimu ya kompyuta. Kwa watu wa hadhi hiyo, hakuna aliyeweza kusema kwamba tatizo ni elimu ya mtumiaji.

Suchman alieleza chanzo katika kitabu chake cha mwaka 1987. Mashine hutambua tu kitufe kilichobonyezwa na mfuniko uliofunguliwa. Haioni mtu ameelewa nini wala anakusudia nini, hivyo humpa maelekezo ya hatua ambayo yeye hayumo. Mtu naye huyasoma maelekezo hayo kana kwamba yanajibu alichotenda sasa hivi, na kutoelewana huzaa kutoelewana kwingine.

Kumsikiliza mtu akifikiri

Saa huonyesha kwamba mtu amekwama, lakini haisemi kwa nini. Pengo hilo lilizibwa na njia ya kufikiri kwa sauti: mtumiaji huombwa aseme kila linalompitia akilini anapoendelea na kazi. Msingi wa kisayansi uliwekwa na K. Anders Ericsson na Herbert Simon, walioonyesha mwaka 1980 kwamba maneno ya mtu akiwa kazini yanaweza kuwa ushahidi wa kuaminika, mradi asitakiwe kujieleza wala kujitetea. Clayton Lewis wa IBM aliitumia njia hiyo kwenye programu za kompyuta mwaka 1982.

Miaka mitatu baadaye Lewis na John Gould walichapisha kanuni tatu: kuwajua watumiaji na kazi zao tangu mwanzo, kupima kwa majaribio, na kurekebisha kisha kupima tena. Waliwaomba mamia ya wasanifu waandike hatua wanazofuata, na ni wachache tu waliotaja zote tatu.

Gould na wenzake walikuwa tayari wamezitekeleza kanuni hizo katika Michezo ya Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 1984, walipojenga mfumo wa ujumbe wa sauti kwa ajili ya wanamichezo na jamaa zao. Kabla ya kuandika programu kamili waliandika mfano wa mazungumzo ya mtu na mashine, wakawasomea watu, wakayabadilisha. Waliweka modeli ya kibanda ukumbini kazini kwao ili wapita njia waiguse na kutoa maoni. Gould alikwisha kuonyesha pia, mwaka 1983, kwamba hata kifaa kisichokuwepo kinaweza kupimwa: watu waliongea na "mashine inayochapa inachosikia", kumbe nyuma ya pazia alikuwepo mchapaji mwenye vidole vyepesi. Kuanzia hapo msanifu hakuwa tena na kisingizio cha kungoja bidhaa ikamilike ndipo aijaribu.

Kutoka kutazama hadi kuhesabu

Kufikia katikati ya miaka ya 1980 kampuni kubwa zilikuwa na maabara zenye vioo vya upande mmoja na kamera, na meneja aliyelipia alitaka namba. Mwaka 1986 John Brooke, wa kampuni ya Digital Equipment huko Reading, Uingereza, alitunga dodoso fupi la kauli kumi. Nusu ya kauli husifu bidhaa na nusu huilaumu, ili anayejibu asipitishe kalamu bila kusoma. Kila jibu huwa na daraja tano, na hesabu ya mwisho hutoa alama kati ya 0 na 100. Wastani unaotajwa na watafiti ni karibu 68. Dodoso hilo halisemi kasoro iko wapi, lakini linawezesha toleo la jana kulinganishwa na la leo, na ndiyo maana linatumika mpaka sasa.

Mwaka 1998 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kiwango ISO 9241-11, kikaweka vipimo vitatu. Cha kwanza ni ufanisi wa kufikia lengo: je, kazi imekamilika, na kwa usahihi? Cha pili ni gharama yake kwa muda na nguvu. Cha tatu ni kuridhika kwa mtumiaji. Kiwango hicho kilisisitiza kwamba vyote vitatu hupimwa kwa watumiaji maalumu, malengo maalumu na mazingira maalumu. Hivyo hakuna bidhaa iliyo rahisi tu; huwa rahisi kwa mtu fulani, kwa kazi fulani, mahali fulani.

Mabishano makubwa yalihusu idadi ya wanaojaribu. Mdenmaki Jakob Nielsen, aliyepigania upimaji wa gharama nafuu, alichapisha mwaka 1993 pamoja na Thomas Landauer hesabu iliyosema kwamba mtu mmoja kwa wastani hufichua asilimia 31 ya kasoro. Wa pili hurudia baadhi ya kasoro za wa kwanza na kuongeza mpya, ingawa si nyingi kama za yule, na kwa hesabu hiyo watu watano hufichua takriban asilimia 85. Ushauri wake ukawa: afadhali majaribio matatu ya watu watano, na marekebisho katikati, kuliko moja la watu 15. Mwaka 2001 Jared Spool na Will Schroeder walijibu kwamba katika tovuti walizopima, watano wa kwanza walifichua asilimia 35 tu. Bidhaa ikiwa kubwa na watumiaji wake wa aina nyingi, watano hawatoshi.

Mdenmaki mwingine, Rolf Molich, aliwapima wapimaji wenyewe. Vikosi tisa viliijaribu huduma ya barua pepe ya Hotmail, kila kimoja kivyake. Kwa jumla viliorodhesha kasoro 310, na robo tatu ya hizo ziliripotiwa na kikosi kimoja tu. Matokeo hayo yaliwafundisha wataalamu unyenyekevu: jaribio moja huonyesha baadhi ya kasoro, wala halithibitishi kwamba nyingine hazipo.

Karatasi ya kura ya Palm Beach

Gharama ya kutopima ilionekana wazi tarehe 7 Novemba 2000, katika kaunti ya Palm Beach, Florida. Ili herufi ziwe kubwa na wazee waweze kusoma, majina ya wagombea urais yaligawanywa kurasa mbili zinazotazamana, na matundu ya kutobolea yakawa katikati. Al Gore alikuwa wa pili kwenye ukurasa wa kushoto, lakini tundu lake lilikuwa la tatu. Tundu la pili lilikuwa la Pat Buchanan, aliyeandikwa juu kwenye ukurasa wa kulia. Buchanan alipata kura 3,407 katika kaunti iliyojulikana kumpendelea Gore, na kura zaidi ya 19,000 ziliharibika kwa kutobolewa zaidi ya mara moja. George W. Bush alishinda Florida, na urais, kwa tofauti ya kura 537.

Nia ya msanifu ilikuwa njema. Sampuli ilisambazwa kabla, lakini kuitazama karatasi ni jambo moja na kuitoboa ukiwa kibandani ni jingine. Sheria ya mwaka 2002 iliunda tume ya kitaifa ya kusaidia uchaguzi, na miongozo yake ikaanza kuhesabu urahisi wa matumizi kuwa sifa ya kupimwa katika mifumo ya kura.

Majaribio ya M-Pesa

Afrika Mashariki ina mfano wake mkubwa. Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom zilianza jaribio la huduma ya fedha kwa simu nchini Kenya, zikisaidiwa na fedha za maendeleo za serikali ya Uingereza. Walioshiriki hawakufika 500, mawakala walikuwa wanane, katika maeneo ya Nairobi na Thika. Kusudi la awali lilikuwa kuwawezesha wakopaji wa taasisi ya Faulu kurejesha mikopo yao midogo kwa simu.

Nick Hughes na Susie Lonie, walioongoza mradi huo, waliandika baadaye yale yaliyoonekana. Washiriki walilipana kwa huduma hiyo katika biashara zao. Wafanyabiashara waliweka mauzo ya siku kwenye simu usiku, kwa kuwa maduka ya mawakala yalifungwa baada ya benki kufungwa. Wasafiri waliweka fedha upande mmoja wa safari na kuzitoa upande wa pili, wasitembee nazo. Wengine walinunua muda wa maongezi na kuwatumia jamaa mashambani kama njia ya kuwasaidia. Matumizi hayo hayakuwemo katika mpango wa mikopo.

Watu hao wachache, wakitazamwa katika maisha yao ya kila siku, waliibadilisha bidhaa. Machi 2007 M-Pesa ilizinduliwa kwa umma kama huduma ya kutuma pesa nyumbani, na urejeshaji wa mikopo ukawekwa kando. Hapa upimaji ulivuka swali la mtu kuweza kubonyeza menyu, ukajibu kubwa zaidi: kazi anayotaka kuifanya ni ipi.

Mahali taaluma ilipofikia

Leo upimaji umegawanyika njia mbili. Njia ya wingi hufanywa kupitia intaneti: matoleo mawili ya ukurasa hupewa maelfu ya watumiaji, na mashine huhesabu lipi linafaulu zaidi. Njia ya uchache huendelea kumkalisha mtu mmoja mmoja mbele ya bidhaa na kumsikiliza, kwa sababu takwimu za maelfu husema kilichotokea bila kusema sababu yake. Vifaa vya tiba vimefungwa na sheria kali zaidi. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 2007 kilidai mtengenezaji azingatie makosa ya matumizi tangu usanifu, na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2016 unapendekeza jaribio la mwisho liwe na watu wasiopungua 15 kwa kila kundi la watumiaji: wauguzi, madaktari, au wagonjwa wanaojihudumia nyumbani.

Zana zimebadilika kutoka saa ya mkononi hadi kamera na kumbukumbu za kompyuta, lakini msingi ni ule wa Wright Field na Palo Alto. Aliyetengeneza bidhaa anaijua mno kiasi kwamba hawezi kuwa kipimo cha ugumu wake, na maoni yanayotolewa kabla ya kuitumia hayatabiri kitakachotokea mkono utakapoigusa. Ndiyo sababu bidhaa inayokusudiwa kwa umma hupelekwa kwanza kwa watu wachache wa umma huo, na wanapokosea, kinachorekebishwa ni bidhaa.